Vimeng'enya vya ngozi, viwasho, na mikono inayoonekana imepona

Swali la msomaji: "Kazi yangu ni usafi, kwa hiyo nanawa na kuloweka mikono kutwa nzima. Imekuwa myekundu, mikavu, na inapasuka kwenye viungo vya vidole. Daktari amesema ni ukurutu wa mguso unaotokana na viwasho, si mzio. Nimesoma mahali kwamba tatizo ni vimeng'enya vya seli za ngozi. Je, ni kweli? Kuna krimu ya kuvizima? Na kwa nini nikipumzika wiki moja mikono inapona kabisa, halafu siku mbili tu za kazi inarudi ilivyokuwa? Pia sabuni yangu ya unga imeandikwa kuwa ina vimeng'enya. Niiache?"

Jibu:

Vimeng'enya vya ngozi, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, havikukuletea ugonjwa. Ni vilevile vilivyokuwepo mikono yako ilipokuwa mizima, na bila hivyo ngozi isingeweza kuzuia maji ya mwili yasipotee hata kwa siku moja. Kilichoharibika ni mazingira ambamo vinafanya kazi: kiasi cha asidi, cha maji na cha kalsiamu katika tabaka la juu la ngozi. Sabuni na maji vikiyavuruga mazingira hayo mara kwa mara, vimeng'enya vinavyojenga hulegea na vile vinavyokata huchachamaa. Krimu ya kuvizima vyote ingekuongezea matatizo. Unachohitaji ni kuyarudisha mazingira na kuyaacha yatulie kwa muda wa kutosha, na huo muda ndio watu wengi hawajipi.

Tabaka lililokufa ambalo halijatulia

Sehemu ya juu kabisa ya ngozi huitwa tabaka la pembe. Sehemu nyingi za mwili lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu, ingawa viganjani na kwenye nyayo ni nene zaidi, na limepangika kwa safu kama 15 hadi 20 za seli bapa zilizokwisha kufa. Seli hizo zimejaa keratini, zimefungwa pamoja kwa pini za protini, na nafasi zilizo kati yake zimejazwa mafuta ya aina tatu: keramidi, kolesteroli na asidi mafuta huru. Kwa uzito, keramidi peke yake ni karibu nusu ya mafuta hayo.

Wataalamu hupenda kulifananisha tabaka hili na ukuta wa matofali na saruji. Mfano huo unasaidia, ila una kasoro moja inayowapotosha wagonjwa: ukuta ukishakauka, hakuna kinachoendelea ndani yake. Tabaka la pembe limekufa kwa upande wa seli, lakini kwa upande wa kemia linachemka. Saruji yake inapikwa papo hapo, katikati ya matofali, na matofali ya juu yanafunguliwa pini moja moja ili yadondoke bila wewe kuona. Kazi zote hizo mbili ni za vimeng'enya.

Chukua wapishi wa saruji kwanza. Seli zilizo hai chini kidogo ya tabaka la pembe hufungasha mafuta katika vifuko vidogo na kuyamwaga nje zinapokaribia kufa. Mafuta hayo hutoka yakiwa mabichi, na vimeng'enya vya kuyakomaza hutoka pamoja nayo. Beta-glukoserebrosidesi hukata sukari iliyoshikana na keramidi. Sfingomielinesi ya asidi hutoa keramidi kutoka kwenye sfingomielini. Fosfolipesi A2 huachilia asidi mafuta kutoka kwenye fosfolipidi, na asidi hizo zenyewe huchangia uasidi wa ngozi. Salfatesi ya steroidi hugeuza kolesteroli salfeti kuwa kolesteroli. Viwili vya kwanza, vinavyotengeneza keramidi, hufanya kazi vizuri zaidi kwenye pH ya karibu 5 (pH ni kipimo cha uasidi: kadiri namba inavyoshuka chini ya 7, uasidi unaongezeka). Uso wa ngozi yenye afya una pH ya kati ya 4.5 na 5.5. Yaani uasidi ule ambao matangazo ya vipodozi huutaja kama pambo ni sharti la kazi.

Kisha kuna wakataji. Hawa ni protesi, yaani vimeng'enya vinavyokata protini, za jamii ya kalikreini, hasa kalikreini 5, 7 na 14. Kazi yao ni kumeng'enya pini za protini zinazoshikanisha seli, ili seli ya juu ichopoke na kuipisha ya chini. Tofauti na wapishi, hawa hupenda pH ya 7 na kuendelea. Ngozi imewawekea breki mbili. Ya kwanza ni protini iitwayo LEKTI, inayowabana kwa nguvu kwenye tabaka za ndani ambako pH iko karibu na 7. Kadiri seli zinavyopanda na uasidi unavyoongezeka, LEKTI huwaachia taratibu, lakini hapo huingia breki ya pili: uasidi wenyewe unapunguza kasi yao. Matokeo ni ukataji wa polepole, karibu na uso tu.

Jinsi breki hizo zilivyo muhimu huonekana kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa Netherton. Jeni yao ya LEKTI haifanyi kazi, wakataji hawana wa kuwabana, na ngozi hubambuka, huwa nyekundu mwili mzima na hupitisha maji kupita kiasi. Upande wa pili, wavulana wanaokosa salfatesi ya steroidi hupata ikithiosisi, ugonjwa wa ngozi kavu yenye magamba: kolesteroli salfeti hurundikana, pini hazikatiki, magamba hushikilia. Ukataji ukizidi ni ugonjwa, na ukipungua ni ugonjwa pia. Ndiyo maana wazo la krimu ya kuzima vimeng'enya halina msingi.

Kundi la tatu linahusu maji. Protini iitwayo filagrini hufungasha keratini ndani ya seli, halafu seli ikishapanda kidogo, vimeng'enya kama kaspesi-14 na hidrolesi ya bleomisini huivunja hadi kuwa asidi amino huru. Kutokana na hizo hupatikana asidi ya pirolidoni kaboksili na asidi ya urokani, ambazo pamoja na vitu vingine hushika maji ndani ya tabaka la pembe na kuongeza uasidi wake. Uvunjaji huu huongozwa na kiasi cha maji: ngozi ikiloweshwa na kufunikwa muda wote, uvunjaji hupungua; hewa ikiwa kavu kupita kiasi, uvunjaji huharibika pia. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba kasoro za kurithi katika jeni ya filagrini ndizo chanzo cha ikithiosisi ya kawaida, na kwamba huongeza hatari ya ukurutu wa atopi, ule ambao mara nyingi huanza utotoni. Watu wenye kasoro hizo huumizwa na viwasho haraka zaidi pia. Kama ulikuwa na ukurutu utotoni au viganja vyako vina mistari mingi ya kina tangu zamani, huenda umo katika kundi hili, na mikono yako ina akiba ndogo kuliko ya mwenzako mnayefanya naye kazi ileile.

Zipo pia transglutaminesi, zinazohitaji kalsiamu ili kufuma gamba gumu linaloizunguka kila seli. Zitoshe kwa kutajwa.

Kiwasho kinafanya nini

Sabuni ya kawaida ya mche ina pH ya 9 hadi 10. Ukinawa nayo, pH ya uso wa ngozi hupanda, na huchukua muda, mara nyingi saa kadhaa, kurudi ilipokuwa. Ukinawa tena kabla haijarudi, unaanzia juu. Mtu anayenawa mara 25 kwa zamu hana hata saa moja ambayo ngozi yake imo kwenye uasidi wake wa kawaida.

Hata hivyo pH ni nusu tu ya habari, na hapa maelezo mengi ya mitaani hukosea. Sodiamu lauri salfeti, ile SLS inayoandikwa kwenye chupa nyingi za sabuni za maji, huwasha hata ikiwa kwenye pH ya katikati. Molekuli zake hushikamana na keratini na kuivimbisha, hukokota vile vitu vinavyoshika maji, hupenya hadi kwenye seli hai na kuvuruga umwagaji wa vifuko vya mafuta. Kwa sababu hiyo ndiyo inayotumika sana maabara kuzalisha mwasho wa makusudi kwenye ngozi ya watu waliojitolea. Sabuni iliyoandikwa "pH salama" inaweza basi kuwa kali kuliko unavyodhani. Maji ya moto huongeza ukali wa sabuni ileile. Na maji peke yake, yakikaa muda mrefu, hulivimbisha tabaka la pembe na kuvuruga mpangilio wa mafuta yake.

Baada ya hapo mambo huenda kwa mfululizo ambao ungependa kuufahamu, maana kila hatua inaeleza dalili mojawapo unayoiona.

pH ikipanda na ikabaki juu, kalikreini huongeza kasi. Hukata pini mapema, na hazikomei hapo: humeng'enya pia glukoserebrosidesi na sfingomielinesi, yaani wakataji huwala wapishi. Hata ukiurudisha uasidi baadaye, vimeng'enya vilivyokwisha kuvunjwa havirudi kwa kutia asidi. Inabidi seli za chini zitengeneze vipya na kuvimwaga upya. Hii ni sehemu kubwa ya jibu la kwa nini mikono yako inarudi kuumwa, na tutaifikia.

Keramidi zikipungua, maji huvuja kwenda nje. Upotevu huo hupimwa kwa kifaa kinachowekwa juu ya ngozi. Kwenye mkono mzima sehemu ya kati ya kiwiko na kiganja, kipimo huwa karibu gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba kwa saa, na ngozi iliyowashwa huonyesha mara kadhaa ya hapo. Ukavu unaouhisi baada ya kunawa ni huo uvujaji. Maji yakipungua kupita kiasi karibu na uso, wakataji nao hukosa maji ya kufanyia kazi, kwa hiyo pini za juu hubaki nusu zimekatwa. Seli hazidondoki moja moja tena bali hushikana kwa makundi, na hayo ndiyo magamba meupe unayoyaona. Usiyabandue. Ukiyavuta unang'oa na seli ambazo zilikuwa bado zimefungwa chini.

Wakati huohuo seli hai zinapata habari. Kalikreini 5 hukata na kuwasha kipokezi kiitwacho PAR-2 kwenye ukuta wa seli, nacho huzuia umwagaji wa vifuko vya mafuta na kuamsha ishara za uvimbe na mwasho. Seli za juu huwa na akiba ya interlukini-1 alfa, protini ya kuashiria uvimbe, iliyokwisha kutengenezwa, na ukuta wa seli ukijeruhiwa akiba hiyo humwagika. Ni kengele inayolia bila kusubiri amri, huamsha seli za jirani kutoa TNF-alfa na interlukini-8, ishara nyingine za uvimbe, na damu huanza kuleta seli za ulinzi. Ndani ya seli zilizojeruhiwa, fosfolipesi A2 nyingine hung'oa asidi ya arakidoni kwenye ukuta wa seli, na sikloksijenesi huigeuza kuwa prostaglandini E2, kemikali inayochochea uvimbe. Wekundu, joto na hali ya kuungua hutokana kwa sehemu kubwa na mlolongo huo.

Angalia kwamba hakuna popote ambapo kumbukumbu ya kinga ya mwili imehitajika. Hapo ndipo ukurutu wa viwasho unapotofautiana na ule wa mzio, ambao husubiri seli T (seli za kinga) zilizofundishwa kukitambua kitu fulani. Mtu yeyote akiwashwa vya kutosha atapata ukurutu wa viwasho. Suala ni kiasi, muda na akiba ya ngozi yake. Takriban visa vinne kati ya vitano vya ukurutu wa mguso ni vya aina hii.

Kwa nini siku mbili zinatosha kurudisha ugonjwa

Ngozi ya kijana mwenye afya ikitolewa mafuta au ikibanduliwa kwa utepe mara moja tu, uwezo wake wa kuzuia maji hurudi karibu nusu ndani ya saa 12, na karibu wote ndani ya siku tatu. Kwa wazee huchukua muda mrefu zaidi. Hiyo ni jeraha moja, kwenye ngozi nzima. Mikono yako ina miezi ya majeraha madogo, wapishi wake wamepungua, na tabaka zake za juu zimejengwa na seli zilizokulia kwenye uvimbe. Seli huchukua takriban wiki nne kupanda kutoka chini hadi kudondoka. Wiki moja ya mapumziko inatosha wekundu kupotea, kwa sababu prostaglandini na wenzake huisha haraka, lakini haitoshi kulibadilisha tabaka zima. Kwa macho mkono umepona, kumbe kipimo cha uvujaji bado kiko juu.

Ukirudi kazini katika hali hiyo unautonesha. Kiasi cha sabuni ambacho zamani kisingekufanya chochote sasa kinapenya mara moja hadi kwenye seli hai zenye akiba ya interlukini. Hakuna kunawa hata kumoja unakoweza kukunyooshea kidole kuwa ndiko kulikokuumiza. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Hesabu ya kawaida ya "kazi ya majimaji" inayoweka mikono hatarini ni mikono kulowa zaidi ya saa 2 kwa zamu, au kunawa zaidi ya mara 20 kwa siku, au kuvaa glavu zisizopitisha hewa zaidi ya saa 2. Wewe huenda unavuka zote tatu.

Wapo ambao ngozi yao huzoea, ikawa ngumu na kuacha kuwashwa ingawa wanaendelea na kazi ileile. Hutokea kweli, ila huwezi kujua mapema kama utakuwa miongoni mwao, na kuisubiri hali hiyo huku mikono inapasuka ni kucheza kamari.

Cha kufanya

Punguza idadi ya kunawa kwa sabuni kabla ya kufikiria krimu. Pale ambapo mikono haina uchafu unaoonekana, kitakasa mikono chenye alkoholi pamoja na gliserini huumiza tabaka la pembe kidogo kuliko sabuni na maji. Watu hukikimbia kwa sababu kinauma, lakini kinachouma ni nyufa zilizokwisha kuwepo. Usikipake juu ya mikono yenye maji, na usinawe kwa sabuni kisha ukapaka alkoholi papo hapo: hapo unapata madhara ya vyote viwili. Unapolazimika kunawa, tumia maji vuguvugu, sabuni kidogo ya maji isiyo na SLS, suuza hasa katikati ya vidole, vua pete, kausha kwa kugusagusa bila kusugua. Sabuni inayobaki chini ya pete ni sababu ya kawaida ya ukurutu unaoanzia kidole kimoja.

Glavu ni msaada na ni hatari, kutegemea unavyozivaa. Zivae kwenye mikono mikavu, iliyosuuzwa vizuri. Sabuni ikifungiwa ndani ya glavu hufanya kazi kama kiraka cha maabara kinachobana kiwasho kwenye ngozi. Kwa kazi inayozidi dakika kumi hivi, vaa glavu nyembamba za pamba ndani, na uzibadilishe zikilowa jasho. Glavu ikiingia maji ndani, itoe mara moja. Chagua zisizo na unga. Kwa klorini na dawa nyingine kali tumia glavu nene ndefu za kazi, si zile nyembamba za kutupa.

Mafuta sasa. Kipimo kinachofaa ni kile cha ncha ya kidole: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza ni takriban gramu 0.5, na hutosha mkono mmoja, kiganja na mgongo wake. Mikono miwili ni gramu 1. Ukipaka mara sita kwa siku, ambao ni wastani unaofaa kwa kazi yako, unatumia gramu 6, na mrija wa gramu 100 huisha ndani ya siku 16 au 17. Kama mrija wako wa gramu 100 umekaa miezi mitatu, hiyo krimu haijapata nafasi ya kufanya kazi, na hakuna haja ya kulaumu aina yake.

Aina si jambo la kuumiza kichwa sana. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, hupunguza uvujaji mara moja na hupenya katikati ya seli bila kuzuia ukarabati. Yafaa usiku, chini ya glavu za pamba. Mchana, kwa sababu yanateleza, tumia krimu yenye gliserini, na yenye keramidi kama ipo. Krimu yenye pH ya 4.5 hadi 5.5 ina mantiki nzuri kwa yote yaliyoelezwa hapo juu. Yurea ya asilimia 5 husaidia kushika maji na kulegeza magamba, lakini iahirishe hadi nyufa zifunge, kwani huchoma. Epuka losheni nyepesi yenye harufu nzuri. Manukato na vihifadhi ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio, na ngozi iliyovuja huvipitisha kwa urahisi. Vivyo hivyo visugulio vya uso vyenye asidi ya salisili au protesi za matunda havina nafasi kwenye mikono hii.

Wapo watakaokwambia upake siki au limau ili "kurudisha asidi". Usithubutu. Siki na limau vina pH ya 2 hadi 3, ambayo yenyewe ni kiwasho, na limau likipigwa na jua kwenye ngozi huunguza hadi kuacha mabaka meusi. Ngozi hujirudishia uasidi yenyewe ikiachwa saa chache bila kusumbuliwa.

Daktari akikuandikia marhamu ya steroidi, kwa mikono mara nyingi ni ya nguvu ya kati hadi kubwa, kama betamethasoni valereti ya asilimia 0.1, mara moja au mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili. Hutuliza mlolongo wa fosfolipesi na prostaglandini, na nafuu huja haraka. Ila steroidi zinapunguza pia utengenezaji wa mafuta ya ngozi na huchelewesha ukarabati, hivyo ukiitumia peke yake unabaki na ngozi tulivu inayovuja. Paka steroidi, subiri kama dakika 20, kisha krimu ya kawaida. Na ukishaacha steroidi, endelea na krimu na kinga zote kwa wiki nne zaidi angalau, hata kama huoni alama yoyote. Usiazime marhamu hiyo kwa ajili ya uso.

Vimeng'enya vinavyotoka nje

Kuhusu sabuni ya unga: vimeng'enya vilivyomo ni protesi za bakteria, na wakati mwingine lipesi (hukata mafuta) au amilesi (hukata wanga), vilivyowekwa ili kuvunja madoa. Havina undugu na kalikreini zako. Kwenye nguo zilizosuuzwa vizuri havikuletei ukurutu. Ukitumbukiza mikono mitupu kwenye povu zito kwa muda mrefu utawashwa, ila mshitakiwa mkuu hapo ni viondoa mafuta na alkali ya unga wenyewe, na sabuni ya unga isiyo na vimeng'enya ingekutenda hivyohivyo. Vaa glavu, usimwage unga mkavu kwenye kiganja kilicholowa, na usihangaike kubadili aina kwa sababu ya neno hilo tu.

Mahali ambapo vimeng'enya vya nje huumiza kweli ni kwenye nepi. Bakteria wa kinyesi wana yuresi, inayogeuza yurea ya mkojo kuwa amonia; amonia hupandisha pH, na pH ikipanda, protesi na lipesi za kinyesi huamka na kuanza kuimeng'enya ngozi ya mtoto. Mkojo pekee, au kinyesi kigumu pekee kwa muda mfupi, hakina ukali huo. Ndiyo sababu kuharisha huleta vidonda kwa saa chache, na ndiyo sababu tiba ni kubadilisha nepi mapema na kupaka tabaka nene la marhamu ya oksidi ya zinki. Wanaomenya mananasi kutwa nzima nao hukutana na bromelini, protesi inayokata protini za ngozi moja kwa moja.

Rudi kwa daktari wa ngozi ukiona usaha, ukoko wa rangi ya asali, homa, au malengelenge yanayopanda kuelekea kwenye kiwiko. Rudi pia kama wiki sita za kinga ya kweli hazijaleta nafuu, au kama mwasho umezidi hali ya kuungua na umeanza kujitokeza hata sehemu ambazo sabuni haifiki. Huenda mzio umeingia juu ya viwasho, kwa mfano wa kemikali za mpira wa glavu au kihifadhi cha krimu, na hilo halijulikani kwa kuangalia. Omba kipimo cha viraka mgongoni, viraka vidogo vyenye vitu vinavyoshukiwa kuleta mzio: hubandikwa kwa saa 48, husomwa vinapotolewa, na husomwa tena kati ya saa 72 na 96. Usiache usomaji huo wa pili, kwa sababu wekundu wa kiwasho huwa unafifia kufikia hapo, na wa mzio huwa ndiyo kwanza unapamba moto. Nenda na glavu zako, sabuni na krimu zako zote, pamoja na makasha yake, ili daktari asome vilivyomo.